Jinsi ya Kuzaa Kifungua Mimba Voi: Leso Tatu, Beseni na Mkono wa Kushika

Anza kwa kuchagua mkono. Jina la mtoto litangoja, shali itangoja, hata ule ubishi wa kama atachukua sura ya kwao baba au ya kwenu utangoja. Mkono haungoji. Utaushika usiku kucha, utaubana mpaka kucha zako ziache alama, na mwenye mkono huo itabidi asisinzie, asilie kabla yako, wala asikusimulie alivyoteseka yeye. Mume wangu alijitolea, na nia yake ilikuwa njema kabisa, ila wiki nzima kabla ya siku yangu vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kuliko vyangu. Nikamchagua shangazi yangu wa Sagalla. Amelima mahindi na kunde tangu kabla sijazaliwa, kiganja chake ni kigumu kama gome la mbuyu, na hana mazoea ya kusema neno pale ambapo kunyamaza kunatosha.

Mwongozo huu namwandikia mwenye mimba ya kwanza wa Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta na vijiji vyote vya katikati. Nilipokuwa mjamzito nilisoma miongozo mingi, na karibu yote ilianza na swali lile lile: je, utazaa kwa dawa ya kutuliza uchungu au bila dawa? Kwetu swali hilo halina wa kuliuliza. Sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, inahitaji mtaalamu wa nusukaputi aliye tayari usiku na mchana, na huyo utampata zaidi katika hospitali za kibinafsi za Nairobi na Mombasa. Katika wodi nyingi za umma mwanamke huzaa na uchungu wake wote. Malkia Victoria wa Uingereza alivutishwa klorofomu alipomzaa Leopold mwaka 1853. Zaidi ya miaka 170 imepita, na mama wa Mbololo bado anapewa ushauri wa kuvumilia.

Basi asikudanganye mtu kwamba kuzaa bila dawa ni nishani. Aliyechomwa sindano ya mgongo amezaa. Aliyepasuliwa amezaa. Na wewe utakayezaa kwa meno na kucha hutazaa mtoto bora kuliko wao. Ninachotaka ukishike ni hiki: dawa ikikosekana, mtu asikosekane.

Sasa mkoba. Weka buku ya kliniki juu kabisa, kwa sababu ndiyo itakayokusemea ukiwa huwezi kusema: kundi lako la damu, kiwango cha damu, presha, kila kitu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki kabla ya kujifungua. Usiyaruke eti kwa kuwa tumbo halina neno. Weka kitambulisho. Malipo ya kujifungua katika vituo vya umma yalifutwa tarehe 1 Juni 2013, mwaka 2016 ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo hayo yamehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa jina la Linda Jamii, kwa hiyo jiandikishe mapema, ukiwa bado unaweza kuinama kufunga viatu. Ongeza pedi kubwa, pamba, nguo za mtoto, sabuni, beseni, chupa ya chai yenye uji, na leso tatu. Moja ya kujifunga, moja ya kumpokelea mtoto. Kazi ya ile ya tatu nitakuambia tukifika.

Ndani ya buku ya kliniki funga pesa ya gari, na pesa hiyo isiguswe hata unga ukiisha. Kaunti yetu ni pana, zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo, na binadamu tuliobaki tumejipanga milimani na kando ya barabara. Anayeishi Kasigau au juu Sagalla hana haki ya kusema "nitaona siku ikifika." Siku hufika saa nane za usiku, mwenye gari amezima simu, na ndovu wamesimama njiani. Kule Sagalla wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba ili kuwafukuza ndovu, na ua huo unasaidia mahindi, lakini haukufungulii barabara. Ukiweza, teremka wiki mbili za mwisho ukakae kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Shemeji atanung'unika kuhusu sebule yake. Mwache anung'unike.

Kwenda hospitali kuna saa yake, na mimi niliikosea. Sinema zilinifunza kwamba mwanamke anashika tumbo, maji yanamwagika, na dakika tano baadaye mtoto amefunikwa taulo. Nilifika hospitali jioni nikiwa nimejiandaa kuwa mama kabla ya chakula cha usiku. Sista akapima, akasema, "Sentimita mbili," akanirudisha nyumbani nikatembee. Nilitoka nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani, na hakukuwa na cha kuonea aibu. Kwa mimba ya kwanza mlango wa kizazi hufunguka polepole mno mwanzoni. Kama si mbali, na kama mkunga ameridhika na hali yako, kaa nyumbani, oga, kula, lala ukiweza. Sisi tunakaa kando ya barabara kuu ya Mombasa, na usiku ule hadi mchana wa kesho yake nilipima uchungu wangu kwa malori: mwanzoni yalipita malori mengi kati ya uchungu na uchungu, baadaye matatu, baadaye moja. Uchungu ukija kila dakika 3 hadi 5 na kukaza karibu dakika nzima, beba mkoba.

Lakini yapo mambo yasiyosubiri hesabu ya malori. Damu inayotoka kama ya hedhi au zaidi, kichwa kinachogonga huku macho yakiona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maji ya kijani, mtoto aliyeacha kucheza. Ukiona hata moja, usimwulize jirani, usimwulize mama mkwe. Nenda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikadiria kwamba kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Kenya, akina mama 362 walikufa kwa sababu za uzazi. Ni kwa ajili ya hao ninapendelea hospitali, pamoja na kasoro zake zote, kuliko mkeka wa nyumbani. Mwaka huo wa 2014 vizazi 61 kati ya kila 100 vilitokea vituoni, na kufikia 2022 vikawa 82. Tumeitika wito wa kwenda. Tunayo haki ya kuuliza tukifika tunapokewaje.

Ukiingia leba utaitwa "mama." Nilipoitwa hivyo mara ya kwanza niligeuka kutazama nyuma yangu. Itika tu. Watakusikiliza tumbo kwa kile kipembe kidogo ambacho sista anakibana sikioni kama anayepokea siri, na moyo wa mtoto utapatikana ukipiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, mbio kama za kuku. Watakupima sentimita na kuziandika kwenye chati. Zamani tulihubiriwa sentimita moja kila saa, kama treni yenye ratiba. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema kipimo hicho si cha haki kwa kila mwanamke: uchungu wenyewe unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwa kifungua mimba safari ya kutoka hapo mpaka 10 kwa kawaida haizidi saa 12. Ukiambiwa "bado," kumbuka namba hiyo.

Nikueleze sasa unavyouma, maana mimi nilifichwa. Ulianzia mgongoni, chini kabisa, ukazunguka mbele pande zote mbili, kama mtu anayekufunga leso kiunoni akaivuta, akaivuta, kisha akaweka goti mgongoni mwako ili aikaze zaidi. Ulipanda mpaka nikadhani hauna kilele. Halafu ukaachia.

Hapo kwenye kuachia ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wote walionitisha walinieleza kukaza, na hakuna aliyenieleza kuachia. Uchungu mmoja unachukua kama dakika moja. Ukiwa unakuja kila dakika 3, basi katika saa nzima una dakika 20 za uchungu na dakika 40 za nafasi. Arobaini! Kwangu nafasi hizo zilikuwa tupu kabisa, hazina maumivu hata chembe, unaweza kunywa maji, kuuliza ni saa ngapi, hata kusinzia. Zitapungua kadiri mwisho unavyokaribia, lakini zipo mpaka mwisho, na ndizo zitakazokufikisha. Kazi yako yote ni kuzijua na kuzitumia.

Mimi nilizipoteza nyingi. Nilipoingia, shangazi alizuiwa mlangoni. Sababu niliyopewa ilikuwa ya haki: wodi ilikuwa wazi, vitanda vimekaribiana, na wanawake wengine walikuwa hawana nguo za kutosha kutazamwa na mgeni. Nikabaki peke yangu saa moja na nusu. Sitasema uchungu uliongezeka, haukuongezeka. Kilichotokea ni kwamba kila ukiachia, mimi sikuachia. Nililala nikiusubiri unaofuata, nimekaza meno, nimekunja vidole vya miguu, na zile dakika zangu za nafasi nikazigeuza kuwa uchungu kwa hofu yangu mwenyewe. Saa nzima ikawa dakika 60 za uchungu.

Zamu ilibadilika saa moja usiku. Aliyeingia alikuwa sista wa makamo. Alinitazama uso, hakutazama chati kwanza, akauliza, "Umekuja na nani?" Nikasema shangazi yuko nje. Akauliza nina leso ngapi. Akaichukua ile ya tatu, akaifunga pembe moja kwenye dirisha na nyingine kwenye chuma cha drip, ikawa pazia. Akamwita shangazi. Ilimchukua dakika mbili.

Shangazi hakuniambia nivumilie. Uchungu ulipokuja alinipa mkono na kubana mgongo wangu kwa kile kiganja cha jembe, chini kabisa, pale penyewe. Ulipoachia alisema, "Umekwenda huo. Legeza mabega." Akanipa funda la maji kwa kifuniko cha chupa. Akanipangusa shingo. Akanieleza habari za kunde zake. Nikalegea, nikasinzia begani mwake kwa dakika mbili, na huo ulikuwa usingizi mtamu kuliko wote niliowahi kulala. Mtu wa kukaa nawe hawezi kukuondolea zile dakika 20. Anakulindia zile 40.

Si mimi tu ninayesema. Mwaka 1980 madaktari waliofanya utafiti Guatemala walichapisha matokeo ya kumweka mwanamke wa kawaida, asiye muuguzi, karibu na mama mwenye mimba ya kwanza tangu alipolazwa mpaka ajifungue: waliokaliwa walijifungua mapema zaidi. Tafiti nyingi zilifuata, na uchambuzi uliozijumlisha mwaka 2017 ukaonyesha vivyo hivyo: uchungu mfupi zaidi, upasuaji mchache zaidi, na haja ndogo zaidi ya dawa za maumivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemtaka mwenyewe. Ndovu wa Tsavo, wanaobeba mimba takriban miezi 22, hawakungoja utafiti. Jike akizaa, majike wenzake humzunguka.

Kwa hiyo ukienda kliniki, ukiwa bado na akili zako zote, uliza: "Sista, mnaruhusu mtu wa kukaa nami leba?" Ukijibiwa hapana, uliza kinachozuia. Mara nyingi utaambiwa ni faragha, na faragha ni mapazia, na mapazia ni kitambaa na waya. Mwambie mwakilishi wadi wako. Yule anayekata utepe wa jengo jipya mkumbushe kwamba jengo lina vitanda, na kati ya vitanda panahitajika kitambaa. Nimeshaona michango ikichangishwa Voi kwa mambo madogo kuliko hayo.

Ukiwa ndani, usikubali kulazwa chali saa zote kama hakuna sababu ya kitabibu. Tembea, chuchumaa, piga magoti, inamia kitanda. Kuhusu sauti, shangazi zetu wengi wanasema mwanamke halii leba. Mimi nasema toa sauti, ila itoe chini, kifuani, nzito, kama mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye udongo mwekundu. Ile ya juu, ya kooni, inakukaza taya na kukumalizia pumzi. Sista ndiye aliyenifundisha, naye alinguruma pamoja nami ili nisione haya. Tulinguruma sote watatu.

Usisukume kabla ya wakati wake, hata ukiombwa na hamu yako mwenyewe. Ukifika sentimita 10, mwili utakuambia, na hutauliza mara mbili. Kwa kifungua mimba kusukuma kunaweza kuchukua hata saa 3. Mtu asikukandamize tumbo kwa viwiko ili mtoto atoke haraka, hilo halipendekezwi. Wala usichanwe kwa mazoea tu. Kuchanwa kuna sababu zake, na una haki ya kuambiwa sababu.

Na usipigwe. Nalisema wazi kwa sababu wapo waliopigwa. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa badala ya kuinuliwa. Alikwenda mahakamani, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake za afya na za utu zilikiukwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja huduma za uzazi kwa jina, na cha 28 kinataja heshima ya kila mtu. Na aliye juu ya kitanda cha kuzalia yumo ndani ya hilo "kila mtu."

Kichwa kikitokeza utahisi moto, kama ngozi imepakwa pilipili. Sista atasema, "Sasa usisukume, hema kama mbwa." Hema. Ngozi inahitaji muda wa kutanuka. Niliambiwa niteremshe mkono niguse, nikagusa kitu chenye unyevu na nywele, na nikasahau kwa sekunde kadhaa kwamba kuna kinachouma. Kisha akateleza, mabega, tumbo, miguu, joto jingi kwa mara moja, akawekwa kifuani pangu akiwa bado na ile rangi ya zambarau. Alipiga chafya kabla ya kulia.

Kuna mambo matatu ya hapo ambayo furaha isikusahaulishe. Mwombe sista asikate kitovu mara moja kama mtoto yu mzima. Dakika moja hadi tatu zinampa damu yake. Kubali ile sindano ya paja inayoukaza mfuko wa uzazi, maana kutokwa na damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua akina mama. Mwaka 2023 utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kwamba kupima damu kwa mfuko wenye vipimo, badala ya kuikadiria kwa macho, na kumtibu mama mara moja kwa hatua zote pamoja, kulipunguza matokeo mabaya ya damu nyingi kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki! Na la tatu: kama umechanika, ushonwe kwa ganzi. Kuzaa bila dawa hakumaanishi kushonwa bila dawa. Sema "ganzi, tafadhali," na usubiri ishike.

Mtoto abaki kifuani, ngozi kwa ngozi, saa nzima ya kwanza. Atatambaa kutafuta ziwa kama anayeijua njia. Wageni, kupima kilo na simu za kwa kina baba vyote vitasubiri saa hiyo iishe. Kisha kunywa uji wenye pilipili manga mpaka jasho likutoke, na ukae hospitalini angalau saa 24, hata kama kitanda kinakuchosha.

Alfajiri sista akaja kuaga zamu yake. "Kwawuka mana?" akaniuliza kwa Kidawida, yaani nimeamka vyema, na nikacheka kwa kuwa sikuwa nimelala. Wakati huo kitanda cha upande wa pili wa leso yetu kilikuwa kimepata mtu. Msichana mdogo kuliko mimi, ametoka upande wa Kasigau, ameshushwa mlangoni na gari lililogeuza papo hapo. Tulimsikia anavyopumua. Alikuwa anapumua kwa kooni, juu juu, na uchungu ulipoachia yeye hakuachia.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani pangu akitazama alama za kucha zangu mkononi mwake, nne, nyekundu, zimepangana vizuri.

"Mwanangu," akasema, "utaweza kumshika mtoto peke yako?"

Nikasema nitaweza. Akanawa mikono kwenye beseni, akaikung'uta, akamwita sista na kumnong'oneza jambo, sista akatikisa kichwa kukubali. Shangazi akainua pembe ya ile leso ya tatu, akapita chini yake. Nikamsikia akivuta kiti.

"Umekuja na nani?"

Sikusikia jibu.

"Basi nishike mimi."